Mashine Iliyoungua na Maneno Yasiyofutika

Mama mpendwa, je, una kitu nyumbani ambacho watoto wamekatazwa kukigusa? Mimi ninacho. Ni taipureta ya umeme ya Marekani, aina ya IBM Selectric.

Aina hii ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1961. Nilipoanza kazi ya kupiga chapa miaka ya 1980, ilinistaajabisha, kwa maana haina vile vyuma vya herufi vinavyoinuka na kukwamana. Herufi na alama zote 88 zimo juu ya kijitufe kimoja, mfano wa mpira wa gofu, ambacho huzunguka, huinama na kugonga karatasi. Ukitaka herufi za mlazo, unabadilisha kijitufe tu.

Miaka mingi baadaye, familia moja ya Wamarekani waliokuwa wakirudi kwao waliniuzia mashine hiyo kwa bei nafuu kwa sababu ilikuwa imekwama. Hilo si ajabu. Ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, grisi yake huganda kama gundi. Wengi hukosea kwa kuimiminia mafuta mapya juu ya yale ya zamani. Italainika siku chache, kisha itashika vumbi na kukwama zaidi. Mimi niliifungua nje barazani, mbali na moto, ikiwa haina umeme. Nikaisugua kwa brashi ndogo na spiriti kidogo, nikijihadhari nisiguse sehemu za mpira. Ilipokauka nikatia mafuta mepesi, tone moja moja. Kazi hiyo ilinichukua jioni nyingi.

Jumamosi moja nilipokuwa sokoni, kitinda mimba wangu, kijana wa miaka 17, aliichomeka ukutani. Alitaka nirudi niikute ikifanya kazi. Lakini mashine imeandikwa volti 115, na umeme wetu hapa Kenya ni wa volti 240. Niliporudi nilikuta moshi na harufu ya waya zilizoungua. Mota ilikuwa imekufa.

Nami sikujizuia. Nilimwambia kwamba hakuna kitu anachokigusa kikapona. Baba yake aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akanyamaza. Usiku ule kijana hakula.

Kulipopambazuka nikakumbuka jambo. Transfoma ya kupunguza umeme nilikuwa nimekwisha kuinunua, nikaiweka kabatini bila kumweleza mtu kazi yake. Nilikuwa nimemkataza mwanangu asiguse; sikuwa nimemfundisha. Basi kosa lilikuwa la nani? Nilimwendea chumbani nikamwomba msamaha. Alisema, "Si kitu, Mama," lakini hakunitazama. Ilichukua majuma kadhaa kabla hajaikaribia tena meza ile.

Wakusanyaji wa mashine za kale wana desturi ya kununua ya pili iliyovunjika ili watoe vipuri. Baada ya miezi minne tulipata moja, gamba lake limepasuka lakini mota yake ni nzima, nayo ni ya volti 230. Safari hii yeye ndiye aliyeshika bisibisi, mimi nikashika tochi. Kabla ya kuichomeka alinisomea kibandiko cha mota kwa sauti, neno kwa neno. Mashine ikanguruma. Hadi leo herufi moja hutoka imefifia upande mmoja, nasi tumeiacha hivyo.

Mama mwenzangu, kabla ya kumkataza mtoto kitu, mweleze sababu. Na kitu kikiharibika, hesabu kwanza hasara ya kitu, ndipo useme. Mwaka 1973 ilitolewa Selectric yenye utepe wa kuondoa herufi iliyokosewa karatasini. Midomo yetu haina utepe huo. Mota nilipata nyingine. Neno nililomwambia mwanangu bado analikumbuka, nami pia.