Simu Yako Imebeba Siri za Wenzako: Wito kwa Mwamgongo na Mwambao wa Tanganyika

Ndugu zangu wa Mwamgongo, wazee, mama zangu na vijana, nawaomba jambo dogo lisilohitaji mchango wala mkutano mkuu wa kijiji: tuzifunge simu tunazofanyia kazi za watu. Tuzifunge kweli kweli, ili hata simu ikipotea, aliyeiokota asiambulie taarifa ya mtu yeyote.

Mwamgongo imebanwa kati ya milima na ziwa, kaskazini tu mwa Hifadhi ya Gombe, na tangu zamani njia yake kubwa ni maji. Boti ya Kibirizi hujaa abiria, magunia, madumu na magodoro, na kila abiria ana simu mfukoni. Simu hudumbukia majini, huibwa gatini, hulowa, hupelekwa kwa fundi Kigoma mjini na kulala huko siku kadhaa. Hayo yote hatuwezi kuyazuia. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku hiyo kilichopotea ni simu tu.

Nasema hivi kwa sababu wako wenzetu ambao simu zao hazibebi mambo yao peke yao. Tuanze na mwangalizi wa msitu wa kijiji. Tangu Taasisi ya Jane Goodall ianzishe mradi wa TACARE mwaka 1994, vijiji vinavyoizunguka Gombe vimejipangia matumizi ya ardhi, vikatenga misitu yao na kuchagua watu wa kuiangalia. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa waangalizi hao wamekuwa wakitumia simu na tableti zenye programu ya Open Data Kit, yaani ODK. Mwangalizi akiona kiota cha sokwe, mtego wa waya, kisiki kibichi au tanuru la mkaa, hujaza fomu na kupiga picha, na programu hunasa saa na mahali penyewe kwa setilaiti. Mabondeni hakuna mtandao, kwa hiyo kumbukumbu hizo hubaki ndani ya simu mpaka afike panaposhika.

Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, picha moja ya tanuru yenye tarehe na saa inatosha kumwambia mchoma mkaa ni nani aliyepita pale. Na jangili akipata orodha ya viota, amepunguziwa kazi ya kuwatafuta sokwe. Mwangalizi anayejitolea kwa ajili ya kijiji hastahili kuachwa wazi namna hiyo.

Wapo na wengine. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua nani ni mjamzito na nani anameza dawa za kudumu. Katibu wa kikoba ana picha za daftari la hisa na mikopo. Wakala wa pesa na mtendaji hutumiwa picha za vitambulisho vya NIDA kwa WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp hulindwa njiani tangu mwaka 2016, lakini picha ikishafika na kuhifadhiwa kwenye matunzio ya simu, yeyote aliyeifungua simu hiyo anaiona. Mara nyingi mtu husema, “Mimi sina cha kuficha.” Sawa, wewe huna. Yule mama aliyekueleza hali yake anacho, na alikuamini wewe.

Kufunga ninakokusema kunaitwa usimbaji fiche. Simu inayachukua maandishi na picha zako na kuyavuruga kwa hesabu ngumu, yakawa hayasomeki bila ufunguo wake. Simu nyingi za Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10 la mwaka 2019 au la baadaye hufanya hivyo zenyewe. Kabla ya hapo simu za bei ndogo, ambazo ndizo nyingi kwetu, zilisamehewa kusimba, kwa kuwa zingekuwa nzito mno. Mwezi Februari 2019 Google ilitangaza njia iitwayo Adiantum, inayoziwezesha hata simu dhaifu kusimba bila kukwama.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Simu isiyo na namba ya siri, hata kama data yake imesimbwa, hujifungua yenyewe kwa yeyote anayeiwasha. Ni sawa na kufunga nyumba kwa kufuli na kuuacha ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Namba yako ya siri ndiyo inayolinda ufunguo ule. Iwe na tarakimu sita au zaidi, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, na isiwe ile unayotolea pesa. Mchoro wa kidole kwenye kioo ni rahisi kuibiwa kwa macho, hasa ndani ya boti mlimokaa bega kwa bega.

Mwenye simu ya zamani aingie Mipangilio, kisha Usalama, atafute sehemu ya usimbaji fiche. Ikiwa haujawashwa, kwanza ahifadhi nakala ya vitu vyake mahali pengine, achaji simu mpaka ijae, aiache kwenye chaji, kisha auwashe. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na ikikatishwa katikati data inaweza kupotea. Na ukishafunga, usisahau namba yako. Iandike, uitunze nyumbani mbali na simu.

Memori kadi nayo tuiangalie. Kwa kawaida haisimbwi pamoja na simu. Ukiichomoa na kuichomeka kwenye simu nyingine, picha zote zinaonekana hata kama simu yenyewe ina namba ya siri ya tarakimu ishirini. Picha za kazi zikae ndani ya simu. Kadi iwe ya miziki na mahubiri.

Kwa ninyi mnaotumia ODK, fomu inaweza kutengenezwa ili isimbwe mara tu unapoikamilisha. Ikishasimbwa, hata wewe uliyeijaza huwezi kuifungua tena, maana ufunguo wa kuisoma uko ofisini kwa wenye mradi. Lakini fomu uliyoiacha nusu kama rasimu haijasimbwa bado. Basi msishuke mlimani na rasimu kumi simuni. Kamilisheni kila fomu palepale, tumeni mtandao ukishika, na mkithibitisha imefika, futeni nakala iliyobaki.

Ukimpelekea fundi simu, usimpe namba ya siri kama tatizo ni kioo au chaji. Akihitaji kuijaribu, kaa naye uifungue mwenyewe. Na laini nayo ina namba yake ya siri, iwashe, ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wa uthibitisho unaokuhusu.

Sasa neno kwa taasisi na miradi inayotukabidhi simu na programu. Mzigo huu usimwangukie mwanakijiji peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika, na taarifa za afya zinahitaji uangalifu wa ziada. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, na mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko. Viongozi wa kijiji, mradi mpya ukija na tableti zake, kabla ya kuupokea ulizeni: data ikiwa ndani ya kifaa imesimbwa? Ufunguo anao nani? Kifaa kikipotea, nani aarifiwe, na kinaweza kufutwa kutoka mbali? Mgeni mwenye majibu hatakasirika.

Na ninyi vijana wetu mnaoandika programu, Kigoma, Dar es Salaam au kwingineko, mnajua kwamba programu nyingi huweka kumbukumbu zake kwenye SQLite, ambayo yenyewe haina kufuli. Tumieni SQLCipher au njia nyingine iliyokwisha kupimwa na wengi. Msijitungie hesabu zenu za kusimba. Ufunguo msiuandike ndani ya programu, maana atakayeifumua ataukuta. Uwekeni kwenye ghala la funguo la simu yenyewe. Na lililo bora kuliko yote, msihifadhi simuni kile msichokihitaji.

Napendekeza hivi. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa kuwa taa haivuti samaki, vijana wawili watatu wanaoijua simu wakae kivulini saa chache na kumsaidia kila anayekuja: mwangalizi wa msitu kwanza, mhudumu wa afya, katibu wa kikoba, mtendaji, wakala, kisha yeyote. Wasitoze hela, na mwenye simu aandike namba yake ya siri mwenyewe huku wao wamegeuka. Kazi ikinoga hapo, vijiji vingine vya mwambao viige.

Lakini wewe unayesoma usisubiri mbalamwezi. Chukua simu yako sasa hivi uiwekee namba ya siri, kisha mwonyeshe jirani yako namna ya kufanya hivyo.