Koreshi wa Uajemi na Ngongo Leteta wa Lomami



Wanafunzi wanaosoma Maandiko Matakatifu wanalijua jina la Koreshi, mfalme wa Uajemi. Alikuwa mtu wa vita. Aliwashinda Wamedi na Walidia, na mwaka 539 kabla ya Kristo akauteka mji wa Babiloni. Lakini kitabu cha Ezra hakimsifu kwa ajili ya mkuki wake. Kinamkumbuka kwa tangazo moja: Wayahudi waliokuwa mateka huko warudi kwao Yerusalemu, wakaijenge upya nyumba ya Mungu. Dola ya Waajemi hao ilianguka zaidi ya miaka 2300 iliyopita, ila tangazo hilo lasomwa mpaka leo.

Je, sisi watu wa Maniema hatukuwa na mpiganaji wa kulinganishwa naye? Tulikuwa naye. Ni Ngongo Leteta, aliyekaa Ngandu kwenye mto Lomami, magharibi yetu.

Ngongo alitekwa utumwani angali mtoto, akawa mali ya Tippu Tip, yule mfanya biashara mkubwa wa Unguja aliyetawala Kasongo. Kwa ushujaa wake alipata uhuru, akapewa bunduki na watu, akawa jemadari. Basi akatenda yale yale aliyotendewa: akachoma vijiji, akateka watu, akapeleka pembe za ndovu na watumwa kwa bwana zake. Wazee wetu wengi walikimbilia msituni kwa kuviogopa vikosi vya namna hiyo.

Mwaka 1892 Francis Dhanis, ofisa wa Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold II, alimshinda Ngongo vitani. Mwaka huo huo Ngongo akageuka, akawaacha Waarabu na kuungana na Wabelgiji. Sefu, mwana wa Tippu Tip, akaja kupigana nao. Pasipo watu wa Ngongo, Dhanis asingaliweza kufika mbali. Tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ilitekwa; tarehe 22 Aprili, Kasongo.

Na shukrani ikawa nini? Dhanis alipokuwa Kasongo, maofisa waliobaki Ngandu walimshtaki Ngongo kuwa msaliti. Wakamhukumu upesi upesi, na tarehe 15 Septemba 1893 wakamwua kwa risasi. Dhanis alipopata habari alituma mtu kuizuia hukumu. Mtu huyo alifika Ngongo amekwisha kufa. Haraka haraka haina baraka.

Mambo hayakuishia kaburini. Askari wake walipelekwa Luluabourg, mji uitwao Kananga siku hizi. Huko walionja ukali wa maofisa na kucheleweshewa mishahara yao, nao hawakusahau kifo cha mkubwa wao. Tarehe 4 Julai 1895 waliasi, wakamwua Kapteni Pelzer aliyewaongoza. Maasi yao, yaitwayo ya Batetela, yaliusumbua utawala kwa miaka mingi.

Tufikirije basi juu ya mtu huyu? Wengine humwita shujaa aliyeonewa, wengine mnyang'anyi aliyelipwa haki yake. Sisi twaona kwamba neno moja halifuti lingine. Hukumu ya Ngandu ilikuwa dhuluma, hata kama aliyeuawa alikuwa amedhulumu maelfu. Na wale waliotekwa naye walikuwa na mama zao, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote.

Wazazi, twawaomba mwangalie jambo moja zaidi. Ngongo hakuzaliwa mtekaji. Alikuwa mtoto aliyenyang'anywa kwao, akafundishwa kwamba mwenye bunduki ndiye mtu. Tangu vita vya mwaka 1996 watoto wengi wa mashariki ya Kongo yetu wamechukuliwa vivyo hivyo na makundi yenye silaha. Wengine wamerudi vijijini. Tukiwakaribisha kwa matusi na kuwanyoshea kidole, twawarudisha msituni. Tukiwapa jembe, daftari na nafasi mezani, twaukata mnyororo uliomfunga Ngongo maisha yake yote.

Koreshi alikuwa na nguvu za kuwashika mateka, akawaacha waende kwao. Ngongo, aliyeyajua machungu ya utekwa kuliko Koreshi, hakupata mtu wa kumwonyesha njia hiyo. Watoto wetu wasikose wa kuwaonyesha.