Reli ya Musoma Tuijenge Kwanza Mezani

Jamaa mmoja wa hosteli alimkuta mwenzetu anapaka rangi vipande vya sponji ya godoro, akauliza kama bumu limechelewa kiasi hicho. Tulicheka wote. Lakini vile vipande vilikuwa majani ya migunga, na ile plaiwudi iliyolala juu ya vitanda viwili ilikuwa ufukwe wa Musoma. Nataka kuitetea kazi hiyo, maana wengi wetu tunaiona ni mchezo wa watoto uliochelewa kwisha.

Tuambiane ukweli. Mkoa wetu hauna njia ya reli. Ile ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikakomea hapo, na ile ya kaskazini ikakomea Arusha mwaka uliofuata. Mpango wa kuivusha kutoka Arusha hadi Musoma tumeusikia tangu tunavaa kaptula za shule ya msingi. Hata hivyo mabehewa yamewahi kufika Musoma, tena kwa maji! Katikati ya miaka ya 1960 meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zilianza kazi Ziwa Victoria, na Musoma ikawa miongoni mwa bandari zilizowekewa daraja la kuunganisha reli ya nchi kavu na reli iliyomo ndani ya meli, sawa na Mwanza, Kisumu na Jinja. Mtu anayetafuta cha kujenga kwenye meza ndogo atapata wapi kingine kama hicho? Treni inatoka majini, inatembea hatua chache, imefika mwisho.

Wapenzi wengi wa treni ndogo duniani hutumia kipimo cha 1 kwa 87. Ndicho kilichotumika Hamburg, Ujerumani, kwenye Miniatur Wunderland iliyofunguliwa mwaka 2001. Kwa kipimo hicho reli yetu ya zamani, ya upana wa mita moja, inakuwa milimita 11 na nusu, na mtu mzima anakuwa sentimita 2 hivi. Sasa piga hesabu upande wa pili: kilomita moja ya nchi inataka mita 11 na nusu za meza. Ukitaka kuijenga Musoma hadi Bunda bila kuruka kitu, utatoka getini na kuendelea. Kwa hiyo kila mjenzi anakata. Nitalirudia hilo la kukata, kwa sababu ndilo linaloniwasha.

Kwanza mandhari yenyewe. Wanaoanza huangalia video za Ulaya, wakajikuta wanapanda misonobari na kumwaga theluji. Sisi tuna mawe. Na hapa nilijifunza kitu: ukiokota kokoto za kweli pale Makoko ukazipanga, zinaonekana kokoto tu. Punje zake ni kubwa mno; punje ya milimita 3, kwa kipimo hicho, ni sawa na kitu cha sentimita 26. Jiwe linalodanganya jicho ni la jipsamu, yale mabaki wanayotupa mafundi wa dari. Unalichonga kwa kisu, unalipaka kijivu, unapitisha maji ya masizi yaingie kwenye nyufa, kisha unadondosha madoa meupe kileleni, pale anapotua mnandi.

Dagaa vivyo hivyo. Ukisimama mbali na mwalo humwoni dagaa mmoja mmoja, unaona mng'ao. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikikatwakatwa na kubandikwa juu ya mchanga uliochujwa, inatosha kabisa. Ziwa ni vanishi, tabaka jembamba juu ya tabaka, na tafadhali msilipake bluu ya kalenda: kando ya ufukwe maji ni ya kijani na udongo. Bunda unaweka pamba halisi, iliyochambuliwa ikasimama kwenye mistari, na kilima cha Balili nyuma yake. Butiama unahitaji vijiti vya ufagio kwa ajili ya ua wa minyaa, na chaki iliyovunjwavunjwa juu ya mawe: hayo ni makopa ya mihogo yameanikwa.

Huwezi kutengeneza makopa kama hujawahi kutazama yanavyoanikwa. Kipimo kinakulazimisha utoke ukaangalie mlango unafunguka upande gani, ng'ombe wanapita wapi, maji ya mvua yanatuama wapi. Nimesoma ramani miaka mitatu darasani, na ubao huu umenionyesha nchi yangu zaidi.

Basi, kukata. Tulipochora Butiama kila mtu alisema tuweke Mwitongo, alipozikwa Mwalimu mwaka 1999. Sawa, nani angekataa? Lakini nafasi ikabana, na cha kwanza kufutwa kilikuwa miji ya watu wa kawaida. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa rahisi tu, kwa kuwa miji hiyo haina jina kwenye karatasi tuliyokuwa tumeishika. Nadhani reli za kweli nazo huchorwa hivyo, na siku ikija ya Musoma tutaletewa mstari mwekundu juu ya karatasi ambayo wazee wetu wengi hawawezi kuisoma.

Mezani wanaisoma. Mwaka 2006 Waogiek wa Msitu wa Mau, nchini Kenya, walikusanyika Nessuit wakajenga kielelezo cha nchi yao kwa kipimo cha 1 kwa 10,000, karatasi ngumu juu ya karatasi ngumu, na wazee ndio waliosema kipi kinakaa wapi. Haikuwa treni, lakini kazi ya mikono ni ileile.

Ombi langu kwa umoja wetu ni dogo: chumba chenye kufuli, plaiwudi mbili, na ruhusa ya kuwaalika wenyeji waje kutukosoa kabla gundi haijakauka. Fedha ya rangi tutachangishana.

Jumamosi iliyopita mama anayetuuzia chai alipita, akaweka chupa chini, akainama juu ya kipande cha Butiama kwa muda mrefu. Tukangoja atusifie mawe. Akatia kidole juu ya reli, kati ya nyumba na kijito, akasema, "Wanangu, na sisi tutapita wapi kwenda kuchota maji?"

Tulikuwa tumeshaibandika. Tuliing'oa jioni ileile, na sasa tunatafuta namna ya kutengeneza kivuko.