Gari lililochezewa lisipewe bei kabla ya cheti cha moshi

BIASHARA ya magari yaliyoongezewa nguvu huvutia macho na kuficha hesabu. Katika jimbo la California, Marekani, gari lenye turbo ya dukani, ekzosi pana na injini iliyong'olewa kwenye gari jingine linaweza kung'aa uwanjani kuliko majirani zake wote, na muuzaji akataja bei inayolingana na mng'aro huo. Hata hivyo, thamani ya gari hilo sokoni inategemea karatasi moja, nayo ni cheti cha ukaguzi wa moshi. Mnunuzi anayetoa fedha kabla ya kukiona anacheza bahati nasibu.

Hali hiyo haikuzuka jana. California ilianza kuuchukia moshi wa magari tangu ukungu mzito ulipoufunika mji wa Los Angeles mwaka 1943. Bodi ya Rasilimali za Hewa ya jimbo hilo, CARB, iliundwa mwaka 1967, na ukaguzi wa moshi kwa magari ya watu binafsi ukaanza mwaka 1984. Leo magari mengi ya petroli ya kuanzia mwaka 1976 hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Yaliyotengenezwa mwaka 1975 kurudi nyuma yamesamehewa, na yale mapya hupewa nafasi ya miaka minane ya mwanzo.

Kwa mfanyabiashara, kifungu kizito zaidi kinahusu mauzo. Gari linapobadilisha mwenyewe, ni wajibu wa muuzaji kumkabidhi mnunuzi cheti halali, isipokuwa kwa magari machache kama yale yenye umri wa miaka minne au chini yake. Cheti hicho hudumu siku 90 tu. Kwa hiyo muuzaji anayesema "litapita tu, wewe jaribu" anamtwika mnunuzi mzigo ambao sheria imeuweka begani mwake mwenyewe. Bei inayotajwa kwa maneno hayo ipunguzwe palepale, au mnunuzi aondoke.

MOSHI MSAFI HAUTOSHI

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba ukaguzi ni kupima kinachotoka kwenye bomba la nyuma. Ukaguzi wa California una sehemu tatu. Mkaguzi hufungua boneti na kutazama kama vifaa vyote vya kupunguza moshi vipo, hujaribu kama vinafanya kazi, kisha ndipo moshi wenyewe unapohesabiwa. Magari ya mwaka 1976 hadi 1999 hupimwa moshi kwa mashine, na katika maeneo yenye hewa chafu zaidi hupimwa yakiwa yanakimbia juu ya magurudumu ya chuma. Yale ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea huunganishwa na mtambo unaosoma kompyuta ya gari.

Maana yake ni kwamba gari linaweza kutoa moshi safi na bado likashindwa. Kipande chochote kilichoongezwa ambacho kinaweza kugusa mfumo wa moshi, kiwe turbo, manifodi au bomba la kuvutia hewa, sharti kiwe na namba ya kibali cha CARB kwa gari la aina hiyo na mwaka huo. Namba hiyo kwa kawaida huwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kipande chenye namba hupita. Kisicho na namba hukataliwa, hata kama fundi aliyekifunga ni bingwa wa mji mzima.

Tangu Julai 2021 mkono wa sheria umefika hata mahali pasipoonekana kwa macho. Mtambo wa ukaguzi unatambua kama programu ya kompyuta ya gari imebadilishwa. Programu isiyotoka kwa mtengenezaji wala kuwa na kibali huliangusha gari papo hapo. Mchezo wa zamani wa kurudisha vipande vya asili siku moja kabla ya ukaguzi, na kuvifungua siku inayofuata, umepoteza sehemu kubwa ya faida yake, mbali na kuwa ni kosa.

Hata ujanja wa kuchomoa betri ili kufuta taa ya injini haufai kitu. Kompyuta ikifutwa kumbukumbu, majaribio yake ya ndani husomeka kuwa hayajakamilika, na gari la petroli la mwaka 2000 na kuendelea huruhusiwa kukosa jaribio moja tu, lile la mvuke wa petroli. Mengine hukamilika kwa gari kuendeshwa kawaida, mjini na barabara kuu.

MALALAMIKO NA JIBU LAKE

Wapenzi wa magari wanalalamika kwamba huo ni uonevu: serikali ipime moshi, na kama ni msafi iache mengine. Hoja hiyo ina uzito. Kiwanda kidogo hulazimika kugharamia vipimo vya maabara kabla ya kupata namba, na vipande vingi vizuri havina namba kwa sababu tu hakuna aliyelipia safari hiyo. CARB ingefanya vyema kuifupisha njia kwa watengenezaji wadogo.

Lakini kwa upande wa soko, kibandiko ni afadhali kuliko kipimo peke yake. Kipimo cha dakika chache hueleza hali ya asubuhi ile. Gari lenye kemshafti kali hutema petroli isiyoungua likiwa limesimama, na fundi mwerevu anaweza kulituliza kwa muda kisha akalirudisha lilivyokuwa. Aidha, wapo wakaguzi waliopatikana wakipima moshi wa gari jingine safi na kuandika jina la gari bovu. Mnunuzi wa mbali hana njia ya kuyajua hayo. Namba ya kibali anaweza kuisoma, akailinganisha na orodha ya CARB iliyo wazi kwa kila mtu, na akajua anachonunua. Soko la wanyonge linahitaji alama ambayo tajiri na maskini wanaweza kuisoma sawasawa.

HESABU YA INJINI ILIYOHAMISHWA

Gari lililobadilishwa injini ndilo linalowapoteza wengi, ingawa sheria hailikatazi. Inataka injini iwe ya mwaka uleule wa gari au mpya zaidi, itoke kwenye gari la daraja hilohilo, na ije na vifaa vyake vyote vya moshi, kuanzia masega ya ekzosi hadi sensa na kompyuta. Baada ya hapo gari hupelekwa kwa mwamuzi aliyewekwa chini ya Ofisi ya Matengenezo ya Magari, BAR. Akiridhika, hubandika lebo kwenye nguzo ya mlango, na tangu siku hiyo vituo vya kawaida hulipima gari kwa kufuata lebo hiyo.

Kwa hiyo magari mawili yanayofanana kwa rangi, injini na nguvu yanaweza kuwa mali mbili tofauti kabisa. Moja lina lebo mlangoni na linaweza kuuzwa kwa mkazi yeyote wa jimbo. La pili halina, na mnunuzi wake atanunua upya masega, sensa na nyaya, atalipa fundi, kisha ndipo asimame mbele ya mwamuzi bila uhakika. Gharama hizo zitolewe kwenye bei kabla ya mazungumzo kuanza. Vilevile muuzaji aliyehifadhi vipande vya asili ndani ya sanduku anastahili kulipwa zaidi, kwa kuwa sanduku hilo ni njia ya kurudi.

Wapo pia wanaonunua magari ya zamani kwa matumaini kwamba sheria italegezwa. Mwaka 2025 mswada uliopewa jina la mchekeshaji Jay Leno, uliokusudia kuyasamehe magari ya kumbukumbu yenye umri wa miaka 35 na zaidi, ulikwama katika kamati ya matumizi ya Bunge la jimbo. Aliyelipa bei ya msamaha kabla ya msamaha kupatikana amebaki na gari linalodaiwa cheti kama kawaida. Huko ni kununua kuku ambaye bado yu ndani ya yai.

BEI YA MASEGA

Upande mwingine wa hesabu uko kwenye soko la madini. Masega, yaani kile chombo cha ekzosi chenye vitundu kama nyumba ya nyuki, hupakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilivuka dola 29,000, na wizi wa masega ukaenea Marekani nzima. Kufikia mwaka 2023 bei hiyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 5,000. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2022 za kubana wanaoruhusiwa kuuza masega yaliyotumika.

Kushuka kwa madini kunapunguza tamaa ya mwizi, lakini hakumpi nafuu kubwa mwenye gari. Masega ya kubadilishia katika jimbo hilo lazima yawe na kibali cha CARB, na hayo huuzwa ghali kuliko yanayokubaliwa katika majimbo mengi mengine. Gari lililotolewa masega ili lingurume ni gari lenye deni.

SOMO KWA AFRIKA MASHARIKI

Mfanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam au Kigali asidhani mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ilipokea asilimia 40. Kisingizio cha mafuta machafu kinazidi kukosa nguvu. Petroli yenye risasi, ambayo huua masega, iliondoka katika kanda hii kufikia mwaka 2006, na nchi za Jumuiya zilihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015. Rwanda ilianza kuwatoza wenye magari ukaguzi wa moshi mwaka 2025.

Mwelekeo unaonekana. Leo gereji nyingi za kanda hii hung'oa masega na kuweka bomba tupu, mwenye gari akidhani ameongeza nguvu na kuokoa mafuta. Siku ukaguzi utakapobisha hodi, gari hilo litashuka bei kwa usiku mmoja, na lile lililobaki na vifaa vyake vya kiwandani litapanda.

Busara ni kununua kwa bei ya siku hiyo: kuinama chini ya gari na kuhakikisha masega yapo, kuuliza kama kompyuta imeguswa, na kuweka kila risiti ya kipande kilichofungwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa gari lililochezewa, daftari hilo ni risiti, kibandiko na cheti cha moshi.