Masika Yakija, Tuwafungulie Watoto Milango

Ndugu zangu wakazi wa Dar es Salaam,

Kila mwaka, Machi hadi Mei, masika huwafungia watoto wetu ndani. Tandale, Manzese, Keko na Vingunguti, familia nyingi zimepanga chumba kimoja, au chumba na sebule. Mvua ikianza, jiko la mkaa lililokuwa uani huhamia koridoni, nguo mbichi hutundikwa juu ya kitanda, na mtoto wa miaka mitatu huambiwa atulie hapo mpaka mvua ikatike. Hawezi kutulia. Akipata upenyo anatoka, na uwanja aliocheza jana umeshakuwa dimbwi.

Maji ya dimbwi lile tunayajua. Mvua kubwa ikinyesha, wapo majirani wanaotapisha vyoo ili uchafu uende na mkondo. Mtoto aliyekwenda kuelesha boti ya karatasi anarudi na tumbo la kuhara, na kipindupindu nacho hupita njia hiyo hiyo. Mitaro ikifurika, kingo zake hazionekani, na mtoto anaweza kutumbukia. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kuwa mvua za El Niño zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini.

Wanaokwepa maji wanakimbilia wapi? Wengine kwenye kibanda umiza, wakakodolea filamu ambazo hakuna mzazi angezichagua. Wengine wanapewa simu ili mama apike. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja mbele ya skrini. Masika tunafanya kinyume chake, wiki baada ya wiki, katika umri ambao mtoto hujifunza kusema, kuhesabu na kupatana na wenzake kwa kucheza.

Ndugu zangu, vyumba tunavyo. Ukumbi wa kanisa hujaa Jumapili na aghalabu hukaa mtupu Jumanne asubuhi. Madrasa nyingi hupokea wanafunzi alasiri. Ofisi ya serikali ya mtaa ina chumba cha mikutano au baraza lenye paa. Shule zenye zamu mbili haziwezi kutupa madarasa siku za kazi, lakini Jumamosi na wakati wa likizo zinaweza. Wenye funguo ni watu tunaosalimiana nao kila siku: mchungaji, ustadhi, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu. Tuwaendee pamoja, tena kwa adabu, tukiahidi kukiacha chumba kisafi kuliko tulivyokikuta.

Vifaa havihitaji mfadhili. Jamvi, maboksi, mpira wa soksi na vipande vya kanga vinatosha. Ukuti ukuti huchezwa popote penye nafasi ya duara. Kokoto za mdako na vizibo vya soda tuwaachie wakubwa, maana mdogo huweka kila kitu mdomoni.

Usalama ndio usiwe na mjadala. Watu wazima wawe wawili au zaidi wakati wote, mlango usifungwe, na kila mtoto aandikwe jina anapoingia, pamoja na jina la mtu atakayemchukua. Maji ya kunawa na sabuni viwepo. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kidogo. Jengo lililo bondeni tusilitumie kabisa. Na pale mpango utakapokuwa wa kila siku, wazazi wakiacha watoto na kwenda kazini, tumwone afisa ustawi wa jamii, kwa sababu kituo cha kulelea watoto kinatakiwa kusajiliwa.

Zamu tugawane. Mkono mmoja haulei mwana, na mzigo huu tusimtwishe mama mmoja kwa kuwa tu haendi kazini. Akina baba waingie kwenye orodha, na vijana waliomaliza shule pia. Bibi na babu wenye hadithi tuwakaribishe. Hadithi nayo ni mchezo wa siku ya mvua.

Kucheza ni haki, imeandikwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa hadi miaka minane. Tuna msingi wa kuwadai madiwani watenge chumba cha watoto katika kila jengo jipya la umma. Tudai, lakini tusingoje jengo hilo ndipo tuanze.

Mwezi Februari, kabla ya mawingu kukusanyika, ombeni ajenda hii iingie kwenye mkutano wa mtaa wenu. Tajeni chumba, tajeni siku, andikeni majina ya zamu. Mtaa mmoja, chumba kimoja, asubuhi mbili kwa wiki: tuanze na hapo.