Gonga Kwanza, Halafu Tuongee Bei

Wasee, niseme bila kuzunguka: kabla uambie fundi wa Kamukunji bei yake iko juu, kwanza jaribu kugonga mpira wa foili mpaka ung'ae.

Mnaukumbuka. Ulivuma kutoka Japani mwaka wa 2018. Unachukua rola ya foili ya jikoni, unaikunja iwe mpira, unaugonga na nyundo, unaupiga msasa, mwisho unashika kitu kinang'aa kama kioo. Video ni dakika chache na muziki juu. Tunasema "moto!" halafu tunaskrol.

Mimi nimetengeneza wangu hapa kejani, na nitawaambia ile sehemu video hukata. Ukianza na nguvu, ndani kunabaki mifuko ya hewa, na itatokea baadaye kama mashimo. Lazima uanze polepole, unazungusha mpira kidogo kila pigo. Foili haiyeyuki. Ni tabaka nyembamba zinashikana tu kwa sababu zimekandamizwa. Na alumini ikigongwa ikiwa baridi inazidi kuwa ngumu, kwa hivyo mkono ukichoka ndiyo kazi inakolea. Halafu msasa: namba 240, 400, 800, 1200, 2000. Lowesha kila karatasi usivute vumbi. Ukiruka namba moja, mikwaruzo itakuangalia mpaka mwisho. Na tafadhali, maikrowevu hapana.

Wangu ulikula jioni nne.

Kila anayeuona anauliza, "Na ni wa nini?" Mama jirani, ambaye alivumilia zile kelele zote, aliongeza: "Sasa mtoto wangu, hii ndiyo uliachia chuo?" Swali halali. Mpira wenyewe hauna kazi. Lakini umenionyesha saa za mtu zina uzito gani ukizishika mkononi.

Sasa nenda Jua Kali pale Kamukunji. Nyundo zinalia kuanzia asubuhi. Sanduku ulilobeba ukienda fomu wani, jiko la makaa la mathe, karai ya mandazi, hivyo vyote watu hukaa chini wakavigonga. Vinafanya kazi miaka. Na sisi tukifika pale, neno la kwanza ni "Boss, punguza." Mpira usio na kazi tunaupigia makofi, karai inayolisha familia tunaikatia bei nusu.

Najua, doo hakuna. Hata mimi huomba nipunguziwe, hiyo ni soko. Lakini kuna kusikizana, na kuna kumfinya mtu mpaka arudishe bei ya mabati tu, mkono wake uende bure. Hiyo ya pili ndiyo nakataa.

Na sisi wa kontenti tuna mchango hapa. Tukikata nyundo yote tubaki na mng'ao, tunafundisha watu kwamba vitu vizuri hujitokeza tu. Acheni hata dakika moja ya kelele ibaki.

Kwa hivyo wikendi hii nunua rola moja, tafuta nyundo ndogo, ambia majirani mapema, na usigonge usiku. Ukimaliza, tia huo mpira mfukoni siku unaenda kununua karai. Fundi akitaja bei, ushike kwanza, halafu ndiyo ujibu.