Breki mpya za haidroliki? Fundisha vidole kwanza

Umejinyima miezi kadhaa, ukapunguza bando na chipsi za wikendi, na sasa baiskeli yako ya milimani imefungwa breki za diski zinazotumia mafuta. Hongera! Lakini kabla hujatoka nayo barabarani kuwaonyesha maboi wa mtaa, nisikilize kidogo. Breki uliyo nayo leo si ile ya jana, na mkono wako bado haujapata habari.

Wengi wetu tunachukulia breki hizi kama simu mpya: unaitoa kwa boksi, unaiwasha, maisha yanaendelea. Mimi sikubali. Ukifungiwa breki za haidroliki halafu uingie moja kwa moja kwenye msongamano wa matatu na bodaboda, uko hatarini kuliko jamaa ambaye breki zake za waya zimechoka. Yeye anajua hazishiki, kwa hivyo anaenda pole. Wewe unajiamini, na hujui kitakachotokea ukizibana.

Kwenye breki ya waya, sehemu ya nguvu ya mkono hupotea waya unaposuguana na ganda lake. Ndiyo maana umezoea kubana kwa vidole vyote vinne, wakati mwingine ukiomba Mungu. Kwenye haidroliki, ukibana mkono wa breki unasukuma mafuta ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye pistoni, nazo zinakandamiza pedi dhidi ya diski. Mafuta hayabonyei, kwa hivyo karibu nguvu yako yote inafika. Kidole kimoja kinatosha.

Sasa fikiria matatu imekukatia ghafla, na vidole vyako vinne vinafanya walichozoea. Uzito wako wote unaenda mbele, tairi la nyuma linainuka, na wewe unaruka juu ya usukani. Kwenye changarawe, tairi la mbele linateleza na unalala chini kabla hujajua kosa liko wapi.

Halafu kuna hili la mitumba. Hapa kwetu, kama Uingereza, tunaendesha upande wa kushoto, na baiskeli zilizoundwa kwa nchi kama hizi kwa kawaida huwa na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Zile za Marekani au Ujerumani kwa kawaida huwa kinyume: mkono wa kushoto ndio wa mbele. Kwa hivyo usikisie. Isukume baiskeli ukitembea kando yake, bana mkono mmoja, uone ni tairi lipi limekwama. Ni jambo la sekunde tano.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni kwamba breki mpya huanza zikiwa dhaifu. Pedi na diski hazijazoeana. Mtu anajaribu mara mbili, anaona hazishiki vile alivyoahidiwa, anajifunza kubana kwa nguvu. Siku chache baadaye zinaanza kushika sawasawa, naye bado anabana kwa nguvu zilezile. Hapo ndipo ngori inapoanzia.

Dawa yake ni alasiri moja tu. Tafuta uwanja au barabara tambarare isiyo na magari. Ongeza kasi hadi kilomita 20 hivi kwa saa, bana breki moja taratibu hadi ubaki na mwendo wa mtu anayetembea, kisha achilia kabla hujasimama kabisa. Rudia mara 20 hivi, halafu fanya vivyo hivyo na breki ya pili. Usikwamishe tairi. Kufikia mwisho, pedi zitakuwa zimeshika na kidole chako kitakuwa kimejua kipimo.

Ukishaiva, ndipo uende Karura au Ngong. Kwenye mteremko, sogeza makalio nyuma, tumia breki zote mbili, na punguza kasi kabla ya kona, si katikati yake. Mteremko ukiwa mrefu, usiburute breki njia nzima. Bana, achilia, bana, achilia, diski zipate kupoa. Na ukisimama usiiguse diski, inaweza kukuchoma.

Kuna tabia nyingine ya kuacha: breki ikilia, watu hutia tone la oili. Kwenye diski, hapo umeimaliza. Pedi hunyonya mafuta, na mara nyingi huna budi kununua nyingine. Hata dawa ya kupulizia cheni ikirukia diski ni shida. Mkono wa breki ukianza kulegea na kugusa usukani, huenda hewa imeingia. Mpelekee fundi anayeijua kazi hiyo. Muulize anatia mafuta gani, kwa sababu breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingi za SRAM hutumia yale ya DOT, na ukikosea, mipira ya ndani inaharibika.

Najua kuna atakayesema, "Wacha zako, mimi naendesha baiskeli tangu darasa la tatu." Sawa kabisa, na ndiyo maana ninakuambia wewe hasa. Mtoto anayeanza leo hana mazoea ya kuacha. Wewe una miaka kumi ya kubana vidole vinne, na wakati wa hofu mkono haufikirii, unafuata ulichozoea.

Mafundi nao wana deni. Kufunga breki bila kumwambia mteja neno lolote ni kazi nusu. Akikukabidhi baiskeli, usilipe uondoke. Muulize: ya mbele ni ipi? Imetiwa mafuta gani? Akuone ukiijaribu hapo hapo mbele ya duka lake.

La mwisho, hapa mtaani baiskeli si ya mtu mmoja. Msee atakuomba raundi, mdogo wako ataichukua kwenda dukani ukiwa umelala. Wao hawakuwa nawe uwanjani ile alasiri. Usimpe mtu baiskeli hiyo kabla hujamwonyesha kidole kimoja na kumwona akisimama mara mbili, tatu mbele yako. Akikuona una maringo, wacha aone hivyo.